Mtafsiri na Kulwa Wawili

Miaka yote niliyomfahamu, sikumbuki kumsikia Mtafsiri akimaliza sentensi nyumbani kwake. Ukienda kumsalimia atakuitikia "Marahaba," atakuonyesha kiti, halafu atanyamaza mpaka chai ipoe. Mke wake alizoea kutuambia, mbele yake na bila kuficha, kwamba sauti zote mumewe anaziacha bandani, nyumbani analeta njaa tu. Yeye anatabasamu, anasogeza sahani ya karanga karibu na mgeni, basi. Lakini jioni ikifika, mtu huyohuyo akishika maiki nyuma ya pazia, utasikia bibi kizee akilaani, mtoto akideka, farasi akikohoa na jemadari akiamrisha vita, na wote hao wanatoka kooni mwa mtu mmoja.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Pale Runzewe palikuwa na banda la video: mabati juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa na spika mbili zilizofungwa kwa waya. Muvi za nje zilionyeshwa humo, na mtafsiri alikaa pembeni akizigeuza Kiswahili papo hapo, kila mhusika na sauti yake. Wapo waliotafsiri za Kihindi, wapo wa Kikorea. Huyu wetu alikuwa mtu wa katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wanaziita anime. Alisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, akatuletea kwa Kiswahili alichokitia chumvi mwenyewe. Kijapani hakukijua hata cha kuombea maji.

Mimi nilikuwa nauza chai na chapati mlangoni pa banda hilo. Naitwa Doto. Mapacha kwetu Usukumani hawatafutiwi majina: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Tulitoka Kishapu, mimi na Kulwa wangu, mwaka ambao jua lilikausha pamba shambani. Yeye akaingia machimboni, mimi nikaingia kwenye unga. Jioni akipanda kutoka shimoni anakuja kwangu na vumbi lake, anakunywa chai bila kunawa, namgombeza, anacheka, anaingia bandani.

Mtafsiri alikuwa na mambo yake. Kila siku alipiga pasi shati, na shati lenyewe halionekani na mtu kwa sababu anakaa nyuma ya pazia. Nikamuuliza, "Baba, pasi yote hiyo ya nini, nani anakuona?" Akanijibu kwamba humo ndani watu wanakufa kila jioni, na yeye hawezi kuhudhuria misiba ya watu na fulana. Nilidhani anatania. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mtu huyu alikuwa hatanii mara nyingi kama tulivyodhani.

Koo lake alilitunza. Tangawizi asubuhi, maji ya uvuguvugu na chumvi mchana, soda baridi hakugusa hata kwenye harusi. Jumamosi hakugombana na mtu, maana Jumapili banda hujaa na sauti inatakiwa. Ukimtukana Jumamosi anakuambia, "Nitakujibu Jumatatu." Jumatatu ikifika, wewe umeshasahau ulichomtukania, yeye yuko tayari na jibu lake na hana wa kumpa. Mwenye nyumba wake aliwahi kulalamika kwamba huyu si mpangaji, ni mahakama.

Na alikuwa mwoga wa mijusi. Mtu ambaye amepigana na mazimwi ya vichwa saba, mjusi mmoja alimdondokea juu ya maiki akatoka mbio nyuma ya pazia mpaka kwenye jiko langu. Mfalme aliachwa peke yake kwenye kioo akifungua na kufunga mdomo. Wachimbaji hawakungoja. Mmoja akamsemea mfalme, mwingine akamsemea malkia, na kwa muda ule ufalme wa Japani uliongozwa kwa Kisukuma kitupu. Mtafsiri aliporudi aliwasikiliza kwanza, akasema kwenye maiki, "Asanteni, nitaendelea mlipofikia," na kweli akaendelea hapo.

Lakini kilichompa jina mpaka Ushirombo ni majina. Majina ya Kijapani hayakukaa midomoni mwetu, kwa hiyo yeye aliwapa wahusika majina ya watu wa mle bandani. Hakuchukua bila ruhusa. Alikufuata, akasimama, akasema, "Naomba kuazima jina lako." Ukikubali, kuanzia kesho unaona upo kwenye kioo umeshika upanga. Watu walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Mwenye karasha mmoja, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, jina lake lilipewa zimwi lenye pembe, akaja amevimba kwa hasira. Siku ya pili akarudi kuuliza zimwi lake linaendeleaje. Lilipokaribia kuuawa alimwita Mtafsiri pembeni amwombe aliache hai, na mimi niliyasikia mazungumzo hayo kwa sababu nilikuwa nawamiminia chai.

"Mwenye maiki si wewe?" yule bwana alisema. "Sema limekimbia."

"Kuchekesha ni kwangu," Mtafsiri akamjibu. "Kuua si kwangu."

Huo ndio ulikuwa msemo wake, na ndio uliomfanya nimshangae. Maana mtu huyu alikuwa mwongo! Aliwalisha wale Wajapani ugali na dagaa. Jemadari akiwa na hotuba ndefu, aliikata kwa kusema, "Kwa kifupi, amekataa." Binti akimwambia kijana maneno ya mapenzi ambayo Mtafsiri aliona hayafai mbele ya wakubwa, yule binti alijikuta anauliza bei ya mchele. Lakini anayekufa alikufa, na anayepona alipona. Hapo hakugusa, umbembeleze usimbembeleze.

Sasa nifike kwenye ugomvi wa muvi, ambao ulimsumbua kuliko mijusi. Tamthilia hizi zina sizoni, na sizoni zina sehemu, unaifuata mwaka mzima mpaka wahusika wanakuwa ndugu. Halafu katikati, bila hodi, inatokea muvi yake ya pembeni. Watu walewale, nguo zilezile, na ndani yake hakuna kinachokubaliana na ulichokiona. Anayeogopa maji anaogelea. Kovu la shavu la kushoto limehamia la kulia. Linakuja adui la kuimeza dunia nzima, linapigwa, linakufa, watu wanakumbatiana na kulia. Ukirudi kwenye sizoni hakuna anayelitaja, kama halikuwahi kukanyaga duniani.

Wachimbaji walikuwa hawakubali. Hao ni watu wanaoshinda chini ya ardhi, na kule mtu akikuambia ukuta ni mzima kumbe una ufa, umekufa. Hawakuwa na subira na mambo yanayogongana. "Si juzi tulimwona hana mkono?" walipiga kelele. "Huo ameuotesha wapi?" Mwanzoni Mtafsiri alijaribu kuziba. Muvi ya kwanza akasema ni ndoto. Ya pili akasema ni ndoto tena. Ya tatu, alipofungua mdomo tu, fundi mmoja wa matimba, yaani yale magogo yanayozuia mwamba usishuke, akasema kutoka benchi la nyuma, "Gashi hawa watu wanalala sana!" Banda zima likacheka, na Mtafsiri akacheka kwenye maiki huku jemadari yuko katikati ya kulia.

Akaja kijana wa chuo, mtoto wa katekista wa Ushirombo, yuko likizo. Huyo ndiye aliyemfungua macho. Alimweleza kwamba tamthilia inafuata kitabu, na mwenye kitabu bado anaandika. Muvi inatengenezwa na watu wengine, pembeni, ili watu wapate cha kutazama sikukuu, na hao hawaruhusiwi kuharibu cha mwenyewe. Hawawezi kumwoza mtu, wala kumuua moja kwa moja, wala kumpa mtu nguvu atakayobaki nayo. Wanacheza humo ndani, wakimaliza kila kitu kinarudi kilipokuwa. Ndiyo maana mtu anajua kuruka angani kwenye muvi, na kwenye sizoni anatembea matopeni akilalamika miguu.

Mtafsiri alifurahi sana. Jumapili iliyofuata, kabla ya kuanza, akawaambia watu: "Ndugu watazamaji, muvi ni mtoto wa nje. Sura ya baba anayo, jina la baba anatumia, lakini kwa baba hajalala hata siku moja. Msimuulize mambo ya nyumbani." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamuuliza kwa sauti, mbona habari za watoto wa nje anazijua vizuri hivyo. Swali hilo lilifika kwa mkewe kabla yake. Wiki nzima hawakusemeshana, ingawa kwa upande wake haikuwa rahisi kuona tofauti.

Tangu hapo bandani wakawepo watu wa sizoni na watu wa muvi, wanazomeana kama Bagika na Bagalu, wale mahasimu wa ngoma za Kisukuma. Watu wa sizoni walisema kilichotokea kimetokea. Watu wa muvi walisema, raha ni raha, kinachogongana kigongane. Mtafsiri aliwahudumia wote. Moyoni alikuwa mtu wa sizoni, na hakuficha.

Tamthilia iliyotushika kuliko zote ilikuwa ya kaka na dada waliokuwa wakizunguka nchi ya theluji na kengele. Kengele ikilia, mazimwi yanalala. Siku ya kwanza tu Mtafsiri alitoka nyuma ya pazia akatukuta mimi na pacha wangu tunagombea chapati iliyoungua.

"Naomba kuazima majina yenu," akasema.

"Mimi niwe wa kengele," Kulwa akasema.

"Wa kengele ni wewe."

Na kwa Kulwa hakuazima jina tu. Wiki nzima alikaa kwangu akinywa chai taratibu, akimsikiliza ndugu yangu anavyoongea, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi naye. Kumbe alikuwa anachukua sauti. Kulwa wangu alikuwa na kicheko kifupi kinachoanza kabla hajamaliza neno, na kila sentensi alitia "gashi," ile "kumbe" yetu ya Kisukuma, hata mahali ambapo haitakiwi. Siku Kulwa wa katuni alipofungua mdomo, banda zima liligeuka kumtazama Kulwa wa kweli. Mimi niliyekuwa mlangoni nilidhani ni yeye ameita. Nikaitika.

Mtafsiri kila asubuhi aliitazama peke yake sehemu ya siku hiyo, ili ajiandae. Asubuhi moja, ikiwa ni mwishoni mwa sizoni ya pili, alikuja kwangu akaagiza chai na hakuinywa. Kulwa alikuwa pale, zamu yake ya kuingia shimoni ilikuwa mchana.

"Kulwa," akamwambia, "leo unakufa."

"Mzee, stelingi hafi."

"Huyu anakufa. Kwenye daraja. Anampa dada yake kengele, anabaki kulizuia lile zimwi."

Kulwa akacheka kile kicheko chake. "Gashi si unibadilishie? Nivunjike mguu tu."

"Mwanangu, ningeweza, ningefanya," Mtafsiri akasema, na nilimwona macho yamemjaa maji. Kwa ajili ya katuni! Nilimcheka na mimi.

Siku ile Kulwa hakwenda zamu. Alioga, akavaa suruali yake ya Jumapili, akakaa benchi la mbele kuhudhuria kifo chake. Darajani pale Mtafsiri aliongea polepole, sauti ya Kulwa ikawa inapungua, inapungua, mpaka ikabaki theluji tu. Halafu taa zilipowashwa watu walimpanga foleni ndugu yangu kumpa mkono wa pole, na yeye akawa anapokea kwa heshima zote, "Tumeshapoa, tumeshapoa," mfiwa wa nafsi yake mwenyewe. Mtu akamnunulia soda. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mvua za mwaka uleule, duara lao likashuka. Duara ni shimo lenyewe la kuchimbia, na linaposhuka linashuka lote. Wenzake wakatolewa, wengine wazima. Kulwa hakutolewa. Walichimba kumtafuta mpaka ukuta wa pili ukaanza kumwaga vumbi, na wenye duara wakasema inatosha, tusije tukawazika na wanaotafuta.

Hapa sitaongea sana. Mama kule Kishapu alilia, akanyoa nywele, watu wakakaa matanga. Mimi sikunyoa. Machimboni mtu anapotea kwa njia nyingi. Anaweza kupanda juu alfajiri bila kumwambia mtu, akasikia kuna rashi mahali, dhahabu imetoka, akapanda lori na wenzake, miaka ikapita. Na kweli, baada ya miezi, dereva mmoja akaniambia kwamba Chunya amemwona kijana anacheka vile. Nililishika hilo kwa mikono miwili. Mtu akinipa pole namuuliza, "Pole ya nini?" Wakaniogopa, wakaacha. Walisema pacha akibaki peke yake asilazimishwe.

Yakaanza maneno mengine. Kwamba Mtafsiri ndiye aliyemuua Kulwa, alimuua kwenye maiki kabla duara halijamuua. Kwetu maneno ya namna hiyo si mchezo, mzee anaweza kuhamishwa usiku na nyumba ikachomwa. Yeye hakujitetea. Aliacha kuazima majina, akaanza kuwaita wahusika kwa majina yao ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyashika, na mabenchi yakawa yanabaki wazi. Siku moja mchana akaja akasimama kwenye jiko langu, kimya kama alivyokuwa kwake.

"Baba, mimi sijasema neno hilo," nikamwambia.

"Najua, Doto. Ndiyo maana nimekuja kusimama hapa."

Nikaanza kumwekea chai kila mchana mahali pa wazi, watu wapite waone. Maneno yakafa taratibu.

Ndipo muvi ikaja. Alitoka nayo Kahama kwenye flashi, akaitazama asubuhi, akaja kwangu shati lake limekunjamana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Doto, ile ya kengele ina muvi. Yumo."

"Nani?"

"Kulwa. Yuko hai."

Nilikuwa nasukuma chapati. Nikaacha. Akanieleza kwamba ni mambo yaleyale ya muvi za pembeni, kengele iliyovunjika kwenye sizoni ni nzima, dada amekuwa mdogo kuliko alivyokuwa, anajua kuruka, adui ana mabawa. Hakuna linalokaa sawa. Akasema ameamua hataionyesha.

"Utaionyesha," nikasema. "Na utamwita Kulwa. Na sauti yake uirudishe."

"Doto, sauti ile sijaigusa tangu daraja. Sijampa mhusika mwingine."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

"Watu watasema nafufua. Na wewe utaanza kungoja."

"Nilishaanza siku nyingi, baba."

Alinikwepa siku kadhaa, chai yake ikawa inapoa mezani. Na mimi nilikuwa nampitia kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, namsimamia mlangoni kama mdai. Nilitaka kumsikia ndugu yangu akiniita, basi. Sikujali imetoka kwenye kitabu cha nani.

Jumapili, mchana, banda limejaa kwa sababu habari ilikuwa imevuja, Mtafsiri alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alitoka nyuma ya pazia akasimama mbele ya kioo, bila maiki. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona akiwa kazini. Alikuwa mfupi kuliko sauti zake.

"Ndugu watazamaji," akasema, "Kulwa mnayemjua alikufa darajani, na mimi ndiye niliyewaambia. Sikubadilisha wakati ule na leo sibadilishi. Muvi hii imetengenezwa pembeni, na humo ndani anatembea, anakula, anamtania dada yake. Msiniulize amefikaje. Nadhani waliotengeneza walimpenda wakashindwa kumwacha. Mimi pia nimeshindwa. Tutakaa naye kidogo, halafu ataisha, na sizoni itabaki ilivyo. Anayeona vibaya, mlango uko wazi."

Hakuna aliyetoka. Niliacha jiko na chapati juu yake nikaingia, nikakaa benchi la mbele mahali pa Kulwa wangu. Na sauti ikaja. Kicheko kifupi, kabla ya neno kuisha. "Doto, twende, gashi unachelewa!" Mwili wangu wote ukaitika. Sikumbuki vita wala yule mwenye mabawa. Nakumbuka mahali ambapo hakuna kinachotokea, wanakula tu kando ya njia, na Kulwa anamnyang'anya dada yake kipande cha mkate huku anacheka. Kengele ilikuwa nzima, dada yake aliruka angani, na lile banda la watu wabishi, lenye yule fundi wa matimba na mdomo wake, halikuuliza swali hata moja.

Ilipoisha nilitoka nikakuta chapati zimekuwa mkaa. Mtafsiri akanifuata, anatokwa jasho, sauti imekauka. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilimkasirikia kwa yale aliyoyasema mbele ya watu.

"Yuko hai humo, na wewe umesimama kumzika!"

"Mimi natafsiri tu, mwanangu," akasema. "Pole."

"Pole ya nini?" nikamwambia. Akainamisha kichwa, akaenda kuzima mashine. Muvi ile watu waliiomba tena na tena. Hakuirudia.

Hatukuwa maadui. Chai aliendelea kunywa, na mimi niliendelea kumchamba juu ya mijusi. Lakini jina la Kulwa halikutajwa tena kati yetu. Kisha simu zikaingia, kila mchimbaji akawa anatazama yake mkononi, iliyotafsiriwa tayari na vijana wa mjini wenye haraka. Banda likawa stoo ya saruji. Mkewe alifariki, na binti yake akaja kumchukua akakae naye Nyahanga, Kahama. Mimi nikabaki Runzewe na unga wangu. Miaka ikaenda.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga, nilikwenda Kahama kununua mchele nikaamua nimpitie. Binti yake alinipokea nje, akanitahadharisha. Baba anasahau. Anasimulia mchana kutwa, lakini sizoni na muvi anazikoroga pamoja, na waliokufa anawaulizia.

Nilimkuta kwenye kiti barazani, amekonda, macho mazuri bado. Alinitambua kabla sijafika.

"Doto!"

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Marahaba." Akachungulia nyuma yangu, njiani. "Umekuja peke yako? Kulwa mbona hajaja?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Akanikonyeza, akaja kuninong'oneza sikioni, "Mwambie tu hajambo, dada. Sisi ndivyo tunavyomjibu. Hata akimuulizia mama tunamwambia yuko sokoni, anatulia."

Jibu nilikuwa nalo tayari. Yuko Chunya, baba, anakusalimu. Nilikuwa nimewapa watu wengi jibu hilo, limeshakuwa laini mdomoni. Nikamtazama yule mzee anayeningoja nimtafsirie, na nikaona siwezi. Yeye alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kumfanyia vile.

"Baba," nikasema, "Kulwa alifariki."

Masikio yangu yalikuwa hayajawahi kunisikia nikisema neno hilo. Yeye akakunja uso, akatafuta.

"Kwenye muvi?"

"Hapana, baba. Kwenye duara. Kweli."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukunipa habari?" Alikuwa anaipokea kama imetokea leo asubuhi. "Kijana yule? Kulwa yule wa kucheka?" Akamgeukia binti yake. "Lete mkeka. Doto amefiwa."

"Baba, hayo ni ya zamani, yalishap—"

"Lete tu, mdogo wangu," nikamwambia.

Akauleta, akautandika pale barazani. Mtafsiri alikataa kubaki kitini. Alinishika bega akajishusha polepole mpaka chini, akanyoosha miguu kama inavyokaliwa msibani, akanivuta nikae karibu yake. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Akauchukua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa, baba," nikaitikia, nikaanza kulia.